Wavulana wawili walioangusha wastani wangu

Mwaka mmoja wazazi walinivisha leso shingoni kwa alama nzuri za darasa langu. Mwaka uliofuata, kikao kile kile, chini ya mwarobaini ule ule, mzee mmoja alisimama akaniuliza mbele za watu: "Mwalimu, mwaka yana ulikuwa hodari. Mwaka huu umeingiliwa na nini?"

Hiyo ilikuwa kisiwa cha Pate, Lamu, nikiwa mwalimu wa darasa la nane enzi za KCPE, ule mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, wa alama 500, uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023. Wastani wa mwaka wa leso ulikuwa 252. Wa mwaka wa lawama, 238. Chaki ni ile ile, sauti yangu ni ile ile, hata michoro ya Hesabu niliyoichora ubaoni ni ile ile.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Darasa lilikuwa na watoto 22. Wawili kati yao, wavulana, walipata 118 na 122. Nikawatoa kwenye hesabu: waliobaki 20 wakawa karibu 250. Aibu yangu yote ilikuwa ya watoto wawili.

Nao hawakuwa wajinga. Kaskazi ikiingia na maji yakiwa maangavu, walikuwa wakipiga mbizi kutafuta kamba mawe. Jumatatu wanakuja macho mekundu kwa chumvi, wanalalia dawati, Jumatano huwaoni. Nilimfuata mmoja nyumbani. Mamake hakubishana nami. Alifunua pipa la unga nikaona chini yake, akalifunika, akaniandalia chai.

Kwa hiyo, mzazi, ukisomewa wastani kikaoni, uliza kwanza darasa lina watoto wangapi. Watoto wawili hulizamisha darasa la 22. Darasa la 120 hawalitikisi. Kisha uliza walianzia wapi. Mwalimu aliyepokea mtoto wa alama 150 akamfikisha 220 amefanya kazi kubwa kuliko aliyepokea wa 330 akamwacha hapo hapo, ila gwarideni atapigiwa makofi huyu wa pili.

Wamarekani walikwenda mbali kuliko sisi. Baada ya 2009 majimbo mengi kule yalifunga tathmini ya walimu na alama za wanafunzi, kwa hesabu ndefu za kujaribu kutenga kile alichoongeza mwalimu peke yake. Mwaka 2014 chama chao cha wanatakwimu kikatahadharisha: tafiti nyingi zinaona mwalimu anachangia kati ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti za alama baina ya wanafunzi. Mwishoni mwa 2015 sheria mpya ikaacha majimbo yaamue yenyewe. Wapo wachumi, Raj Chetty na wenzake, walioonyesha kwamba mwalimu mzuri huonekana hadi kwenye kipato cha mtoto akiwa mtu mzima. Nami naamini hivyo. Ugumu ni kumtambua kwa darasa moja la mwaka mmoja.

Simtetei mvivu. Nilifanya kazi na mmoja ambaye daftari za wanafunzi wake hazikuona wino mwekundu muhula mzima. Wastani wake ulikuwa mzuri, maana watoto wake walikuwa na tuisheni usiku. Alama hazikumnasa. Daftari lingemnasa. Mwambie mwanao akuletee, ufungue kurasa za katikati, si ya kwanza: je, makosa yamesahihishwa, au kuna alama ya vema tu kila ukurasa? Hata usiyejua kusoma utaona.

Sasa langu. Baada ya ile 238 nilishauriwa, kwa maneno matamu, kwamba walio dhaifu warudie darasa la saba. Nilikwenda kwa mama mmoja, nikakaa mkekani kwake, nikamwambia bintiye "ajiimarishe" mwaka mmoja zaidi. Nilijua ninachofanya. Mwaka uliofuata wastani ulipanda. Binti hakurudi shuleni; siku hizi anakaanga mahamri karibu na gati. Nikinunua, chenji yangu huwa tayari kabla sijamaliza kuhesabu sarafu.

Siku hizi KCPE haipo, lakini jambo halijaisha. Mtoto wa Gredi ya 9 huenda mbele kwa alama zilizochanganywa: asilimia 60 mtihani wa mwisho, 20 ule wa Gredi ya 6, na 20 tathmini zinazofanyika shuleni Gredi ya 7 na 8. Hizi za shuleni ni mwalimu anayezisimamia. Ukimwambia mwalimu huyo kwamba kazi yake itapimwa kwa alama hizo hizo, umemshikisha mizani anayopimiwa yeye mwenyewe.

Wewe mwalimu kijana unayevuka kuja visiwani kutoka gati la Mokowe na sanduku lako, nunua daftari la kurasa 200. Wiki ya kwanza, kabla hujafundisha lolote, wape watoto zoezi dogo la kusoma na la Hesabu, uandike kila mmoja alipo. Pembeni ya rejista andika sababu ya kila asiyekuja: kamba, homa, karo, harusi ya dada. Mimi langu nililianza mwaka wa tatu. Mzee wa mwarobaini aliposimama tena, nilimpa alishike mwenyewe, akalisoma akiwa amesimama, na kikao kikamngoja.