Usianze na ahadi, anza na alama za njia

Umeniandikia ukiuliza umvuteje mtoto kwenye skauti. Unasema ulikuwa skauti utotoni na unaupenda uskauti mpaka leo, lakini bintiyo wa miaka minane alivaa skafu mara moja tu, akaivua, akasema hataki. Yalinipata hayohayo. Nakusimulia nilivyofanya mimi.

Binti yangu alipofika miaka saba nilimkalisha sebuleni nikaanza kumfundisha ahadi ya skauti, kisha sheria, saluti ya vidole vitatu na kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Yote jioni moja. Akalia. Usiku ule nilijiuliza mimi mwenyewe nilivutwa na nini nikiwa darasa la tano pale Nakuru, na jibu halikuwa ahadi. Zilikuwa alama za njia.

Unazikumbuka, ila naziandika kwa faida ya wengine. Patroli moja, yaani kikundi kidogo cha skauti, hutangulia porini ikiacha alama chini kwa mawe, vijiti au nyasi zilizofungwa fundo, nyingine inafuata baadaye. Mshale ni pita hapa. Alama ya X, si njia hii. Mraba wenye namba ndani na mshale pembeni: kuna barua imefichwa, hesabu hatua hizo kuelekea kule. Mistari ya mawimbi ni maji. Ya mwisho kabisa ni duara lenye nukta katikati: nimekwenda nyumbani.

Basi Desemba tulipokwenda kwa nyanyake Njoro, niliamka kabla ya jua nikatandaza njia kutoka mlango wa jikoni, nikazunguka banda la ng'ombe, nikapita katikati ya mabua ya mahindi hadi kwenye tangi la maji. Neno skauti sikulitaja. Nilimwonyesha mshale wa kwanza, nikamweleza maana za alama, nikamwachia.

Mshale wa tatu aliukanyaga bila kuuona. Akafika mbele, akakosa la kufuata, akarudi na safari hii akapiga magoti. Hapo ndipo nilipomwona mtoto mwingine. Penye banda, kuku walikuwa wamechakura alama yangu, vimebaki vijiti viwili tu. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Alivitazama kwa muda mrefu, akatazama nyayo za kuku, akasema, "Baba, hapa palikuwa na mshale, kuku wameuharibu, lakini hiki kijiti kirefu hakijasogea." Akakifuata kijiti kirefu. Barua aliipata chini ya jiwe, hatua kumi na mbili kutoka kwenye tangi.

Mchana akanitandazia njia yake. Alitumia mafundo ya nyasi mbichi kwenye nyasi mbichi, nikayapita yote. Tukarudi pamoja, tukazungumza kwamba alama ni ya yule anayekuja nyuma, kwa hiyo lazima umfikirie yeye unapoiweka. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo skauti yenyewe, kuliko gwaride. Aliporudi shuleni Januari aliomba mwenyewe kuingia Sungura, kundi la skauti wadogo, ambao kwetu Kenya huanza na miaka sita. Kwa hiyo bintiyo hajachelewa.

Mwaka uliofuata nikampeleka Nyeri, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Nilikwenda huko mara ya kwanza mwaka 1994 kwa lori la kukodi, tukiimba kuanzia Nyahururu, kwa maadhimisho ya Februari ambayo huwaleta skauti kutoka pande zote za nchi. Baden-Powell alizaliwa 22 Februari 1857, na mkewe Olave alizaliwa tarehe hiyohiyo mwaka 1889. Walihamia Nyeri mwaka 1938, wakaishi kwenye nyumba ndogo waliyoiita Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Mzee alifariki 8 Januari 1941.

Njiani aliniuliza huyo mtu alikuwa nani, nami sikumpamba. Nilimwambia alikuwa jenerali wa Waingereza, akapigana vita Afrika Kusini, na alikuja Kenya wakati ardhi ya watu wetu ilikuwa mikononi mwa wageni. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 kisiwani Brownsea, Uingereza, wa matajiri na wa maskini, wakapiga kambi na kula pamoja. Watoto wanaweza kubeba mambo yote mawili. Usimfiche.

Makaburini tulipita kwanza penye kaburi la Jim Corbett, yule mwindaji wa India aliyekuja kuishi Paxtu baadaye. Kisha tukafika kwenye kaburi la Baden-Powell. Sikusema kitu. Aliona maandishi ya Kiingereza akayaruka, macho yakaenda moja kwa moja kwenye duara na nukta iliyochongwa jiweni. Akashika mkono wangu.

"Baba, amekwenda nyumbani."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Mlima Kenya ulikuwa umefunikwa na mawingu, ukafunguka kidogo tu juu. Tulipokuwa tukitoka alichelewa langoni. Kugeuka, nikaona amechuchumaa anapanga kokoto. Kikosi cha wavulana kilikuwa kinashuka kwenye basi barabarani, na yeye alikuwa anawawekea mshale.

Kwa hiyo skafu iweke kabatini kwa sasa. Jumamosi hii amka mapema, tafuta vijiti kumi, na alama ya kwanza uiweke mahali ambapo macho yake yataiona akifungua mlango.