Begi la kilo 25 hadi Lenana: nipunguze nini, nipange vipi?

SWALI: Salaam. Mwezi Februari mimi na wenzangu wawili tunataka kuvuka Mlima Kenya, tuingilie lango la Sirimon, tupande kilele cha Lenana na kutokea lango la Chogoria, siku tano, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Begi langu ni la lita 75, nililipata soko la mitumba la Gikomba, na kwa macho bado ni zima. Juzi nililijaza nikazunguka nalo Ngong Hills. Baada ya saa mbili mabega yalikuwa yanawaka moto na vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Mimi nina kilo 68. Mzigo nimeupima: begi tupu 2.9, hema la watu wanne 5.4, mfuko wa kulalia 2.6, mkeka wa povu 0.7, nguo 4.3, jiko na sufuria na gesi 1.9, chakula 4.2 (pamoja na mikebe minne ya maharagwe), maji 2, vikorokoro 1. Jumla kilo 25. Je, ninunue begi jipya? Vitu nivipange vipi? Na kifuniko cha mvua cha begi kinatosha? — *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Umefanya vizuri kupima, maana wengi huuliza swali hili bila mizani. Begi usinunue kwanza. Kilo 25 kwa mtu wa kilo 68 ni zaidi ya theluthi ya mwili wako. Kule Kilimanjaro mpagazi, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Kwa safari ya siku nyingi lenga humusi moja ya uzito wako, yaani kilo 14 hivi. Ukizidisha kidogo siku ya kwanza si neno, kwa sababu chakula kinapungua.

Lakini ganzi ya vidole haisababishwi na uzito peke yake. Mikanda ya mabega inapobeba mzigo wote hukandamiza mishipa ya fahamu inayopita kati ya shingo na bega kwenda mkononi. Kwa hiyo mkanda wako wa kiuno ama haufanyi kazi, ama umekaa tumboni badala ya kwenye mifupa ya nyonga. (Ganzi ikibaki hata siku ya pili baada ya kuvua begi, muone daktari kabla ya kufikiria mlima.)

Chukua futi ya fundi cherehani. Inamisha kichwa, mwenzako atafute ule mfupa uliochomoza chini ya shingo. Kisha shika kiuno, vidole gumba vikiwa nyuma, vikilala juu ya ukingo wa mifupa ya nyonga. Umbali kutoka mfupa wa shingo hadi mstari kati ya vidole gumba, ukifuata mgongo, ndio urefu wa kiwiliwili chako. Ndani ya begi, pima kutoka pale mikanda ya mabega inaposhonewa hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Tofauti ya sentimita mbili tatu inavumilika. Ikifika sita, begi hilo halikutengenezwa kwa mgongo wako, na kupanga vitu upya hakutalirekebisha. Mabegi mengine yana utepe wa kunata (velkro) au ngazi ya vitanzi nyuma ya mto wa mgongo, ambayo unaisogeza juu au chini. Ichunguze kabla ya kukata tamaa.

Sasa, kwa kuwa begi ni la mtumba, likague. Simamisha begi tupu sakafuni, weka viganja juu yake, kandamiza. Likijikunja kama gunia, fremu haimo. Mabegi mengi yanafika sokoni yakiwa yamepoteza zile bapa mbili za alumini zinazoingia kwenye mifereji ya mgongoni, kwa sababu mtu alizitoa ili alifue asizirudishe. Bila bapa uzito hauwezi kushuka kiunoni hata ukikaza mkanda hadi ushindwe kupumua. Fundi wa madirisha anaweza kukukatia bapa ya alumini ya upana na urefu ule ule. Zungusha ncha zake kwa tupa zisitoboe kitambaa, kisha uipinde taratibu ifuate mgongo wako. Baada ya hapo minya povu la mkanda wa kiuno: likibaki na alama ya kidole, limekufa, na fundi viatu anaweza kulibadilisha. Mwisho pitisha mkono ndani ya begi. Ukihisi unatanata, au unatoka na vipande vyeupe kama ngozi inayobanduka, ule utando wa kuzuia maji umeoza. Huo hautengenezeki, ila begi bado linafaa, na nitarudi hapo kwenye mvua.

Kuvaa kuna mpangilio wake. Weka kilo nane ndani, legeza mikanda yote. Kaza wa kiuno kwanza, katikati yake ikizunguka ukingo wa nyonga. Ndipo wa mabega, mpaka uguse tu mgongo. Kisha vile vikanda vidogo vya juu vinavyovuta kichwa cha begi kuelekea kwako. Vikikaa sawa vinapanda kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Wa kifuani mwisho, chini kidogo ya mitulinga, bila kubana. Kipimo: unapaswa kuweza kupenyeza vidole viwili chini ya mkanda wa bega bila kusukuma.

Tukate kilo. Watu huanza kwa kukata mpini wa mswaki wakati hema la kilo tano na nusu limo mgongoni mwa mtu mmoja. Mko watatu na hema ni moja: mmoja achukue chumba cha ndani, wa pili kitambaa cha mvua, wa tatu nguzo na vigingi. Sehemu yako inakuwa kilo 1.8. Msiliache nyumbani kwa kusikia kwamba kwenye kambi za Old Moses na Shipton's kuna mabanda yenye vitanda. Ni kweli yapo, lakini upande wa Chogoria mtalala kwenye hema.

Mfuko wa kulalia wa kilo 2.6 una shaka mbili, uzito na joto. Shipton's iko mita 4,200 na usiku wa Februari huwa wazi na wa barafu. Soma lebo vizuri. Namba iliyochapishwa kubwa mara nyingi ni kiwango cha mwisho, na ile ya chini kabisa ni ya kukuzuia usife, si ya kukulaza. Unayoitafuta ni ya starehe, nayo iwe nyuzi 5 chini ya sifuri au chini zaidi. Mfuko wa namna hiyo wenye manyoya ya bata una kilo moja na nusu hivi. Ni ghali, kwa hiyo kodisha kwa safari hii moja. Mkeka wa povu bakia nao. Povu moja ni jembamba kwa ardhi iliyoganda, lakini kinga za mikeka miwili hujumlishana, basi lala na begi tupu chini ya miguu na koti la mvua chini ya makalio.

Nguo kilo 4.3 ni jinzi, sina haja ya kuona picha. Jinzi moja kavu ina karibu gramu 700. Ikiloa inapita kilo na haikauki siku hiyo, na pamba iliyolowa inakunyonya joto usiku kucha. Ziache zote. Ukitoa zile utakazovaa, begini ziwemo: seti moja ya ndani ya poliesta kwa kulala tu, flisi moja, koti lililojazwa la baridi, koti na suruali za mvua, suruali moja nyepesi, boshori, glavu jozi mbili (moja nyembamba ya kushikia vitu), soksi jozi tatu. Jozi moja ya soksi isikanyage nje ya mfuko wa kulalia. Hizo ni kilo 2.4.

Maharagwe ya mkebe ni maji na bati, na bati hilo utalirudisha wewe hadi lango la Chogoria. Wala usiwaze kubeba maharagwe makavu badala yake. Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi 86 tu, utakesha ukichochea na hayataiva. Chakula cha mlimani kiwe cha kuloweka au kuchemka dakika chache: tambi nyembamba, uji, viazi vya unga, omena zilizokaangwa kavu, chapati za siku mbili za mwanzo, karanga, simsim, tende. Karanga zina kalori karibu 570 kwa gramu 100, na ukiwa juu hamu ya kula inakimbia, hivyo kila tonge libebe kitu. Gramu 650 kwa mtu kwa siku zinatosha. Siku tano ni kilo 3.2. Gawa kila siku kwenye mfuko wake wa kitambaa na uandike siku. Asiyegawa humaliza vitamu vyote kabla ya Shipton's.

Gesi inawaangusha wengi alfajiri. Ile mitungi mirefu ya majiko ya mezani ni butani tupu, na butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri ukiwa usawa wa bahari. Mlimani hewa nyepesi inaisaidia kidogo, lakini mtungi unajipoza wenyewe kadiri unavyotoa gesi, na moto unakonda kama mshumaa kabla chai haijachemka. Tafuta mchanganyiko wa isobutani na propani, mitungi miwili ya gramu 230 kwa nyinyi watatu, na mmoja wenu alale nao. Atakayekuja kwa ndege asiufungashe, hauruhusiwi hata kwenye mzigo wa chini. Mkigawana jiko, sufuria na gesi, wewe unabaki na kilo 0.6.

Maji beba lita moja na nusu, kwa sababu njia ya Sirimon inavuka vijito kabla ya Bonde la Mackinder. Yatibu kwa vidonge vya klorini, na kwa kuwa ni ya baridi yape muda zaidi ya unaosemwa kwenye pakiti, au yachemshe dakika tatu. Kama una chujio la nyuzi, lisilale nje: likiganda linapasuka ndani na halikuonyeshi dalili yoyote.

Jumlisha sasa: begi 2.9, hema 1.8, mfuko 1.6, mkeka 0.7, nguo 2.4, jiko 0.6, chakula 3.2, maji 1.5, vikorokoro 0.8. Ni kilo 15 na nusu langoni Sirimon. Alfajiri ya kupanda Lenana, kama ni siku ya nne, unakuwa na 13 na nusu hivi, na begi hujanunua.

Kupanga ni suala la nyenzo. Shika chupa ya lita mbili kifuani, kisha inyooshee mkono mbele. Uzito ni ule ule, ila wa pili haushikiki dakika mbili. Chakula kikikaa upande wa nje wa begi kinakuvuta nyuma namna hiyo siku nzima, nawe unakunja kiuno kufidia. Kina mama wa Meru na Nyeri wanaobeba kuni kwa mkanda wa kichwa hawaachi mwanya kati ya mzigo na mgongo. Wewe pia usiuache. Chini kabisa mfuko wa kulalia na nguo za usiku. Juu yake, ukigusa mgongo na kufika usawa wa mabega, chakula na sufuria, gesi ikisimama wima chini ya chakula. Mbele ya hivyo, upande wa nje, kitambaa cha hema. Nguo laini zijaze matundu yote mpaka ukitikisa begi lisisikike kitu. Juu kabisa: koti la mvua, dawa, tochi ya kichwa, vitafunio. Siku ya kushuka kuelekea Chogoria, kwenye changarawe inayoteleza, teremsha chakula kidogo hadi usawa wa kiuno, hapo hutayumba sana.

Buti je? Hukuuliza, lakini kama nazo ni mtumba, bonyeza kwa kidole gumba ile tabaka ya povu kati ya soli na ngozi, kisha zikunje kwa nguvu. Povu la poliyurethani huoza likikaa miaka stoo. Linaonekana zima dukani, halafu soli inabanduka nzima siku ya pili ya safari. Ikitoa nyufa au ungaunga, usipande nazo. Beba selotepu pana ya kitambaa, mita tatu zilizozungushwa kwenye chupa.

Kuhusu mvua: kifuniko cha nje hakitoshi. Maji yanaingia kupitia mgongo na mikanda, na upepo unakivua. Kinga ya kweli iko ndani, hasa kwa begi lililobanduka utando. Wengine hutumia mifuko ya takataka, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, na plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji za dukani zikiwemo, haziruhusiwi ndani ya mbuga tangu Juni 2020. Nunua mfuko wa turubai jepesi unaokunjwa mdomo, wa lita 30, kwa mfuko wa kulalia na nguo kavu, na mwingine mdogo kwa simu na karatasi. Mdomo ukunje mara tatu ndipo ufunge kifungo. Kabla ya kuondoka, ujaze hewa, ufunge, uuzamishe kwenye karai la maji na uukandamize. Pale patakapotoa mapovu pakaushe, paka gundi ya mpira upande wa ndani, na usiuguse mpaka kesho yake.