Vipande mia, mfupa mmoja: maswali yenu kuhusu visukuku vya dinosaria

Nina trei tatu za vipande vya fupa moja la paja. Nianzie wapi?

Ifungie gundi kabatini kwanza. Vipe vipande vyote namba, vitandaze mezani, kisha viangalie kwa siku kadhaa. Mfupa una ganda gumu nje na vitundu kama sifongo ndani. Vyenye ganda viweke kando, maana hivyo ndivyo vinavyoonyesha mkunjo na mistari ya uso wa mfupa. Halafu kagua kingo. Mpasuko wa juzi, wa wakati wa kuchimba, una kingo kali na rangi iliyo tofauti na ya uso. Wa kale umelika, pengine umeshajaa madini. Vya mpasuko mpya vijaribu mwanzo, kwa kuwa vina nafasi kubwa ya kukutana.

Kipande kikimpata mwenzake, vidole hujua kabla ya macho. Vinaingiana, vinakwama, na ukivisukuma kidogo havitelezi. Ukijikuta unasema "karibu vinalingana", basi havilingani.

Je, gundi ya papo kwa papo inafaa?

Kwa nyufa nyembamba kama unywele wapo mafundi wanaoitumia. Kwa maungio makubwa naikataa kabisa, kwa sababu kuiondoa ni kazi ngumu. Wengi wetu tunatumia Paraloid B-72, resini ya akriliki inayoyeyushwa kwa asetoni, kiyeyushi kinachoshika moto upesi. Asetoni hiyohiyo huirudisha kuwa maji hata miaka mingi baadaye. Fungua madirisha, na usiwe na moto karibu. Paka kidogo pande zote mbili, bana, kisha chomeka mfupa kwenye trei ya mchanga mkavu ukiwa umesimama, ili kipande cha juu kikae kwa uzito wake chenyewe. Uache hadi kesho.

Nimeunganisha vinane vizuri, cha tisa kinagoma. Nikipige msasa?

Hapana, tafadhali! Msasa unakula ushahidi wenyewe, na hakuna wa kuurudisha. Kosa haliko kwenye cha tisa. Liko nyuma, labda kwenye ungio la pili. Upotofu usioonekana kwa macho hukua kila unapoongeza kipande, mpaka kipande cha mwisho kinakosa mlango. Niliwahi kufungua taya niliyoihangaikia wiki tatu, nikakuta chembe moja ya mchanga imenaswa ndani ya gundi. Iliniuma, lakini baada ya kuitoa, vipande vyote viliingia. Siku hizi nasafisha kila ukingo kwa brashi laini na kujaribu safu nzima pasipo gundi kabla ya kuunganisha hata viwili.

Mapengo nayajazaje?

Jaza pale tu mfupa unapohitaji kuegemea. Kijazio kiwe dhaifu kuliko mfupa, ili siku kitu kikivunjika kivunjike chenyewe, na rangi yake itofautiane kidogo kwa anayetazama kwa karibu. Andika ulichoongeza. Mwaka 1999 kisukuku kutoka China kilichopewa jina la Archaeoraptor kilitangazwa kuwa kiungo kati ya dinosaria na ndege. Picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zilionyesha kuwa ni vipande vya wanyama tofauti vilivyogundishwa pamoja.

Kompyuta haiwezi kutufanyia?

Inasaidia, hasa kwa mifupa mizito: unaskani, unajaribu maungio kwenye skrini, na upande uliopotea unaukisia kwa kugeuza picha ya upande wa pili. Kushika bado ni kwa mkono.

Yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, kilima cha Lindi kusini mwa Tanzania, alifika makumbusho ya Berlin, Ujerumani, akiwa mzima?

La. Kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wa huko Lindi, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walitoa zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Mifupa mingi ilikuwa imepasuka. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandarini, siku kadhaa njiani. Kiunzi kilisimamishwa 1937, kikiwa na mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja na sehemu za plasta. Vipande vingine vilifungwa kwa mianzi na udongo, na baadhi ya mafurushi hayo yalikaa miongo mingi ghalani bila kufunguliwa. Natamani sana kusimama mezani siku furushi kama hilo linapokatwa kamba.