Setilaiti inaona malisho, dikidiki je?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji huku Simanjiro, juzi walikuja vijana na laptop wakatuonyesha ramani ya kijiji chetu waliyoitoa kwenye setilaiti, imejaa rangi tu, vichaka kijani mashamba njano, wakasema kwa hiyo ramani watajua tuna aina ngapi za wanyama. Hivi kweli setilaiti inaona mpaka dikidiki? Na mbona malisho yetu ya mbugani wameyaandika shamba?

JIBU: Marahaba. Dikidiki haionekani, hapo uko sahihi kabisa. Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 kila nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi, za setilaiti za Landsat mita 30 kwa 30, yaani boma zima na ng'ombe wake linaweza kuingia kwenye nukta moja na likatoka rangi moja. Ziko picha kali zaidi za kulipia, mwaka 2021 watafiti walionyesha tembo wa hifadhi ya Addo kule Afrika Kusini wanahesabika kwa hizo, na nyumbu wa Serengeti nao wameshahesabiwa hivyo, lakini hao ni wakubwa au wako mahali pa wazi, mnyama aliyejibanza chini ya mgunga utampataje?

Setilaiti inachosoma ni makazi ya wanyama, yaani vichaka, nyasi na udongo. Jani bichi linarudisha sana mwanga wa infraredi ambao sisi hatuuoni, udongo mtupu haufanyi hivyo, ndo maana kichaka na uwanda vinatofautiana. Wanyama wenyewe lazima watu waende kwa miguu, watege kamera, wasome nyayo na mavi kwenye kila aina ya makazi, halafu ndo waunganishe na ramani. Wakiwaletea orodha ya wanyama bila hiyo kazi msiipokee, manake ramani inasema swala pala anaweza kuishi hapa, haisemi yupo.

Sasa hilo la malisho ndo limeniuma. Nadhani walitumia picha ya kiangazi peke yake, nyasi zimeliwa zimeisha, na shamba lililovunwa nalo liko tupu, kwa juu vinafanana. Dawa yake ni picha za mwaka mzima, masika mpaka kiangazi, kwa sababu malisho yanaota yenyewe mvua ikianza ila shamba linatifuliwa kwanza, na pia wapelekeni mahali penyewe wachukue pointi za GPS nyie mkiwaambia hapa ni nini. Msiliache hivi hivi jamani, nyumbu wa Tarangire wanakuja kuzalia kwenye mbuga hizo za Simanjiro wakati wa mvua, nyasi zake zina fosforasi nyingi, na ramani ikishaandika shamba, kesho mtu anagawa viwanja kwa karatasi hiyo hiyo.

Waambieni pia wawaonyeshe usahihi wa kila aina ya ardhi peke yake, sio wastani wa ramani nzima, wastani unaweza kuwa mzuri huku malisho yamekosewa vibaya. Na picha za Landsat zipo tangu 1972, waombeni za zamani muangalie na wazee wenu mashamba yalianzia wapi.