Sukari ya kwenye rituximab si ya chai

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama "sukari" iliyoshikamana na rituximab (dawa ya aina ya kingamwili, yaani protini ya kinga) itampandishia mama kisukari, akiwa anakuja hapo Moshi kuwekewa dripu ya baridi yabisi. Hapana. Sukari hiyo ni kama asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito wa kingamwili, kwa hiyo dozi ya miligramu 1,000 ina miligramu 30 hivi au pungufu. Kijiko cha chai kina gramu 4! Kinachoweza kumpandisha ni steroidi anayopewa kabla ya dripu. Mkumbusheni daktari, na mpimeni siku hiyo na kesho yake.

Ila sukari hiyo si pambo. Kingamwili ina umbo la herufi Y, na sukari imekaa kwenye shina lake, karibu na pale seli za kinga zinaposhika. Ukiitoa yote, kingamwili bado inamnasa adui lakini haiziiti vizuri seli za kinga zinazoua. Ukipunguza kipande kimoja tu, fukosi, seli zinazoua hushika kwa nguvu zaidi; ndivyo ilivyo obinutuzumab, kingamwili ya kutibu saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Sukari ngeni nayo huleta balaa. Cetuximab, kingamwili ya kutibu saratani, hutengenezwa kwa seli za panya zinazoibandika sukari isiyo ya binadamu, na baadhi ya wagonjwa Marekani walipata mzio mkali dozi ya kwanza tu. Miili yao ilikuwa imeshaichukia sukari hiyo, hasa kwa kuumwa na kupe. Imo pia kwenye nyama ya ng'ombe na mbuzi (sisi wa nyama choma Arusha tusicheke sana).