Makundi ya Visukuku Yakipingana, Usichukue Umri wa Katikati

Anayetaka kujua umri wa matabaka ya kale kwa kutegemea kundi moja la visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mwambani, anajifungia mlango mwenyewe. Chukua miamba ya Ordovisia, kipindi cha kale sana katika historia ya dunia. Chokaa utaiyeyusha kwa asidi asetiki, kisha uokote kwenye mabaki vimeno vya konodonti, wanyama wa kale wa baharini; ni vidogo kama punje za mchanga. Ukifika kwenye mwamba mweusi wa tope, asidi hiyo haikusaidii. Hapo tegemeo ni graptoliti, wanyama wadogo wa kale walioishi kwa makundi yaliyoungana, waliokuwa wakielea baharini na kuzikwa katika tope lisilo na oksijeni. Kwa hiyo beba sampuli za kila aina ya mwamba, hata ule unaoonekana mtupu. Spora, yaani chembe za uzazi za mimea, usizisahau: upepo na mito huzifikisha baharini, nazo huunganisha matabaka ya nchi kavu na ya bahari.

Kazi hasa huanza makundi yanapopingana: usichukue umri wa katikati, tafuta ni kundi lipi linalopotosha. Tuseme konodonti wanaonyesha Ordovisia, na spora za sampuli ileile zinaonyesha Devoni, kipindi cha baadaye zaidi. Tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kisukuku kichanga kabisa kilichozikwa humo lilipokuwa likitandikwa. Vimeno vya konodonti ni vya madini ya fosfeti, vigumu. Vinaweza kung'olewa na mmomonyoko kutoka mwamba wa zamani vikazikwa upya. Mimi huanza na rangi. Joto la ardhini huvigeuza kutoka manjano hafifu hadi kahawia, kisha vyeusi. Ukikuta rangi zilizoachana sana katika sampuli moja, shuku kwamba humo kuna wageni.

Spora nazo zihojiwe. Katika vipande vinavyopandishwa na mtambo wa kuchimba kisima, vitu vichanga huporomoka kutoka kuta za juu vikachanganyika na vya chini. Ndiyo maana kisimani naamini zaidi pale spishi inapokutwa mara ya kwanza tukishuka, si pale inapokomea.

Hata mpaka wa Devoni na Siluri, kipindi kilicho kati ya Ordovisia na Devoni, uliowekwa rasmi mwaka 1972 huko Klonk, katika Jamhuri ya Cheki ya sasa, alama yake kuu ni graptoliti Monograptus uniformis, lakini trilobiti, wanyama wa kale wa baharini wenye gamba, wa karibu na hapo husaidia kuutambua kwingineko.

Chora muda wa kuishi wa kila spishi kwenye karatasi moja, kila kundi na safu yake. Umri uandike pale mistari inapoingiliana, yaani spishi zote zilipokuwa hai kwa wakati mmoja, na visukuku ulivyovikataa viorodheshe pamoja na sababu, ili atakayekuja baadaye aweze kukupinga.