Dhana Isiyotamkwa Katika Hoja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kufanya LSAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya sheria vya Marekani na Kanada. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za uchambuzi wa hoja, nami huangushwa na maswali yanayouliza mtoa hoja ametegemea dhana gani bila kuitaja. Zoezi moja lilisema: “Wachuuzi wa samaki wanaotumia barafu hurudishiwa samaki na wateja mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo barafu ndiyo inayopunguza malalamiko.” Nilichagua “Barafu ni njia pekee ya kupunguza malalamiko”, kumbe jibu lilikuwa “Tofauti hiyo haitokani na wenye barafu kununua samaki waliovuliwa karibuni zaidi.” Je, jibu langu silo lililoipa hoja nguvu zaidi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nguvu hiyo ndiyo iliyokuponza. Hukuulizwa ni kitu gani kingeikamilisha hoja, bali ni kitu gani kikiondolewa hoja haisimami.

Kanusha kila jibu, kisha uitazame hoja upya. Likanushe lako: zipo njia nyingine za kupunguza malalamiko, kwa mfano kufunika meza nzi wasitue. Mtoa hoja hatatikisika, kwa kuwa hakudai kwamba barafu haina mwenzake. Sasa kanusha lile la pili: wenye barafu huwahi mwaloni alfajiri na kuchukua samaki wa usiku uleule, wenzao huuza waliolala, na tofauti yote inatoka hapo. Barafu imebaki bila kazi, na hitimisho limeanguka.

Angalia lakini namna unavyokanusha, maana Kiswahili chetu cha kila siku kina mtego wake. Ukiambiwa “Wachuuzi wote wanatumia barafu”, ni rahisi kujibu “Wachuuzi wote hawatumii barafu”, na msikilizaji akaelewa kwamba hakuna hata mmoja anayeitumia. Ukanusho unaotakiwa ni “Si wachuuzi wote wanaotumia barafu”, ambao ni kweli hata akikosekana mmoja tu. Nimeona watu wenye akili nzuri sana wakipoteza alama hapo.

Kuacha jambo bila kulitaja si udanganyifu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitoa mfano wa mwanamichezo Dorieus: ukitaka kuonyesha kwamba alishinda mashindano ambayo zawadi yake ni taji, inatosha kusema alishinda michezo ya Olympia, kwa kuwa habari ya taji kila mtu anaijua. Shida huja pale ambapo kilichoachwa hakijulikani na wote, au si kweli.

Ili ukione, linganisha maneno ya ushahidi na maneno ya hitimisho, na neno lolote lililozuka kwenye hitimisho ulitilie shaka. Katika zoezi lako, ushahidi unazungumzia kurudishiwa samaki, lakini hitimisho linazungumzia malalamiko. Mteja aliyeuziwa changu aliyeanza kulegea anaweza kumtupia paka, asirudishe kitu, na kesho akamsema mchuuzi huyo mtaa mzima. Kwa hiyo hoja ile ina dhana ya pili, kwamba kurudisha samaki ni kipimo kizuri cha malalamiko, nayo pia ungeweza kuulizwa.